Kijana mwenye anoreksia alishwe kwanza, chanzo cha ugonjwa kitafutwe baadaye. Anayepinga aje na hoja

#1 TabibuMakini
Salaam wakuu. Kazi yangu ni tiba ya saikolojia kwa vijana, na wengi ninaowaona wana matatizo ya ulaji: anoreksia (kujinyima chakula hadi kukonda vibaya), bulimia (kula mno kisha kujitapisha), na wale wanaokula kupita kiasi kwa siri kisha wakajichukia. Naleta hoja moja, ipigwe mawe kama inastahili.

Karibu kila familia ikiingia chumbani inaanza na "kwa nini?" Baba anataka kujua nani alimtania mtoto. Mama keshajihukumu kabla hajakaa. Mtoto mwenyewe yuko pembeni, amevaa koti zito na mikono bado baridi, anasema yeye haumwi, wanamwonea tu. Na sisi wataalamu tumefundishwa kulipenda hilo "kwa nini". Tunaweza kulichimba mwaka mzima huku mtoto akizidi kuisha mbele ya macho yetu.

Msimamo wangu: kwa kijana aliyepungua sana, dawa ya kwanza ni chakula. Ubongo wenye njaa hauna nafasi ya tiba ya mazungumzo. Unaweza kumuuliza jambo zito kabisa la maisha yake, naye anakutazama huku kichwani anapiga hesabu ya mlo wa jioni. Mtoto akivunjika mguu tunauweka sawa na kuufunga; habari ya nani alimsukuma tutaiongea plasta ikishakauka.

Karibuni.

#2 MzeeBusara
Mbona chanzo kiko wazi? Simu. Kutwa kucha wanatazama picha za miili iliyochongwa na programu. Zamani haya hayakuwepo. Nyang'anyeni simu mtaona.

#3 Msomaji77
Shikamoo mzee. Zamani yalikuwepo. Richard Morton, daktari wa London, aliandika mwaka 1689 habari za wagonjwa wawili waliokonda bila kifua kikuu wala homa: binti wa miaka 18 na kijana wa kiume wa miaka 16. Mwaka 1873 Charles Lasègue wa Paris na William Gull wa London wakaeleza ugonjwa huo huo, kila mmoja kwa njia yake, na jina alilolitoa Gull, anorexia nervosa, ndilo tunalotumia hadi leo. Hapo hata redio haijavumbuliwa.

#4 Zuhura_K
@Msomaji77 usimkatishe mzee moja kwa moja. Kuna mfano wa Fiji, visiwa vya Pasifiki. Televisheni iliingia sehemu ile mwaka 1995. Anne Becker, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliwahoji wasichana wa shule mwaka huo, na hakukuwa na hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apunguze uzito. Aliporudi 1998 walikuwa asilimia 11.3. Miaka mitatu tu! Utasema picha hazina kazi?

#5 Msomaji77
Nakubali zina kazi. Ila tuseme yote: wasichana wa 1998 hawakuwa wale wale wa 1995. Yalikuwa makundi mawili, 63 na 65, na kilichopimwa ni tabia na mitazamo, siyo idadi ya waliougua anoreksia. Picha zinaweza kumfanya msichana auchukie mwili wake. Mamilioni wanaona picha hizo hizo na wachache ndio wanaougua. Hao wachache wana nini wenzao hawana? Hapo ndipo simu haitoshi kujibu.

#6 MzeeBusara
Marahaba kijana. Nimeelewa, lakini simu bado naichukia.

#7 NesiZamu
Nimefanya kazi wodini na watoto hawa, na kabla uzi haujaenda mbali naomba @TabibuMakini aongeze jambo kwenye #1, maana mzazi anaweza kusoma "alishwe kwanza" akakimbia kumjazia mtoto sahani.

Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu HALISHWI kwa pupa. Mwili uliozoea kujiunguza ukipokea chakula kingi ghafla, insulini (homoni ya sukari) inapanda, na madini ya fosfati, potasiamu na magnesi yanaingia ndani ya seli yanakauka kwenye damu. Moyo unaweza kupoteza mapigo, mtu akavimba, akachanganyikiwa, akafa, na familia inadhani sasa ameshapona kwa kuwa anakula. Madaktari waliyaona haya kwa wafungwa waliotoka makambini baada ya Vita vya Pili. Kwa hiyo kwanza vipimo vya damu, mapigo ya moyo, presha akiwa amelala na akiwa amesimama, kipimo cha umeme wa moyo. Daktari ndiye aseme kama mtoto atalishwa nyumbani au atalazwa. Akizimia, mapigo yakiwa ya polepole mno, au hata maji hayapiti, usingoje miadi ya mshauri. Peleka hospitali leo.

Na wale wa bulimia msiwaone wana mwili wa kawaida mkatulia. Potasiamu ikishuka kwa kutapika, moyo hauangalii unene.

#8 TabibuMakini
@NesiZamu asante sana, hilo lilistahili kuwa kwenye mchango wa kwanza. Mimi siwapokei bila taarifa ya daktari, na ninaposema chakula namaanisha chakula chini ya uangalizi.

#9 MchambuaNafsi
Nami ni mtaalamu wa saikolojia, ila nimesimama upande wa pili.

Mkuu, umeeleza vizuri jinsi ya kuongeza uzito. Uzito si kupona. Nimewapokea vijana waliolishwa wakatii, wakapanda kilo, wakaruhusiwa, na baada ya muda mfupi wakarudi wakiwa wabaya kuliko mwanzo. Walichojifunza ni kula ili waachwe. Hakuna aliyewauliza kile kinywa kilichofungwa kilikuwa kinakataa nini.

Nina mfano (nimebadilisha mambo asitambulike). Binti alianza kuacha kula baada ya mtu mzima wa karibu na familia kumfanyia mambo asiyopaswa kufanyiwa. Aliniambia alitaka mwili urudi kuwa wa mtoto ili asionekane tena. Sasa mwambie wazazi wake wasimamie kila tonge bila kuuliza kitu, ilhali yule mtu bado anakaribishwa mezani! Chanzo hakingoji plasta ikauke pale ambapo anayevunja miguu bado yumo ndani ya nyumba.

#10 Mama_Pacha
Nimesoma #9 na inaniuma, ila acheni niseme ya kwangu.

Nina pacha wa kike, si wa kufanana. Wamelala chumba kimoja tangu kuzaliwa, shule moja, meza moja, mama mmoja mwenye kelele zile zile. Mmoja akaugua akiwa na miaka kumi na minne. Mwenzake anakula na anacheka mpaka leo. Kama mimi ndiye chanzo, mbona nimeharibu mmoja tu?

Mtaalamu wa kwanza aliniambia nina mshiko mkali, nimwachie mtoto nafasi, nisiongelee chakula kabisa nyumbani. Nikatii. Kila wiki anaingia chumbani kwa mtaalamu, mlango unafungwa, mimi nje sijui kinachoendelea, na anatoka mwembamba zaidi. Nikiuliza naambiwa ni siri ya mgonjwa.

Timu ya pili ikatuweka wote chumba kimoja, baba, mimi na pacha mwenzake. Yule dada mshauri akasema mbele ya mtoto: "Hawa hawakusababisha ugonjwa huu, lakini ndio watakaoutoa." Nililia kama mtoto. Tangu hapo tulisimamia mlo mmoja mmoja. Kuna mlo ulichukua saa nzima na nusu. Alinitukana matusi ambayo sikujua anayajua, na mimi narudia tu, "Najua unaogopa mwanangu, na bado utakula." Hakula kwa ajili ya hoja zangu. Alikula kwa sababu sikuondoka.

Miezi ilipita. Siku moja alimtania baba yake mezani nikashtuka, nikagundua nilikuwa nimesahau sauti yake ya utani ikoje.

#11 Zuhura_K
Mama Pacha, pole na hongera. Nimesoma mara mbili.

#12 DaktariKimya
@Mama_Pacha swali lako la pacha ni zuri kuliko mengi ya kwenye mikutano yetu. Tafiti za pacha zinaonyesha urithi una sehemu kubwa katika anoreksia. Mwaka 2019 jarida la Nature Genetics lilichapisha uchambuzi wa wagonjwa karibu 17,000 kutoka nchi nyingi, na maeneo manane ya vinasaba yakaonekana kuhusiana na ugonjwa. Kilichonivutia mimi ni kwamba sehemu ya vinasaba hivyo inahusiana na jinsi mwili unavyotumia sukari na mafuta, si akili peke yake. Pengine kuna watu ambao miili yao haipigi kelele ya njaa kama yetu. Sisi tukikosa chakula tunakuwa wakali. Wao wanasema wanapata utulivu. Msichana kama huyo akianza kujinyima kidogo, kwa sababu yoyote ile, iwe michezo, homa au utani wa darasani, anateleza kwenye shimo ambalo mwenzake angeruka.

#13 MchambuaNafsi
Daktari, maeneo manane yanaeleza sehemu ndogo sana ya hatari yote. Bado "sababu yoyote ile" ndiyo inayomkuta mtoto, na ndiyo inayoniajiri.

#14 DaktariKimya
Kweli, ni sehemu ndogo. Sijasema vinasaba vimemaliza kesi.

#15 KitabuWazi
Kuunga mkono #1: lipo jaribio la Minnesota la mwaka 1944 hadi 1945. Mtafiti Ancel Keys aliwanyima chakula wafungwa wa vita 36 kwa miezi sita, wakawa wanaota chakula, wanakusanya vitabu vya mapishi, wanakatakata tonge dogo ili mlo usiishe, wanajitenga, wanakasirika ovyo. Wanaume wazima wenye akili timamu! Kwa hiyo nusu ya tabia tunazoziita "saikolojia ya mgonjwa" ni njaa tu.

#16 Msomaji77
Sahihisho, mkuu: hawakuwa wafungwa. Walikuwa vijana Wamarekani waliokataa kupigana vita kwa sababu ya dhamiri, wakajitolea kwa hiari ili ijulikane namna ya kuwalisha watu wa Ulaya waliokuwa na njaa. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Na hata waliporuhusiwa kula tena, wengine walikula mno na hofu haikuondoka mara moja. Hilo nalo ni somo: kulishwa hakurudishi akili siku hiyo hiyo.

Ila wale wanaume walitamani chakula na walifurahi jaribio lilipoisha. Binti wa anoreksia ukimwambia mlo umeongezwa anatetemeka. Njaa inaeleza mengi, haielezi hofu hiyo.

#17 KitabuWazi
Nimesahihishwa, asante. Huyu Msomaji77 siku moja atasahihisha hata salamu zetu.

#18 Nuru_ya_Asubuhi
Mimi nimeugua na nimetoka, basi niongee kama aliyekaa kwenye kile kiti.

Hofu anayoitaja Msomaji77 siyo ya kunenepa peke yake. Kulikuwa na sauti inayonihesabia kila kitu, na nikiitii inanipa ukimya kidogo. Nikila, inapiga kelele usiku kucha. Mnapobishana kama ni mama, simu au vinasaba, mimi siwezi kuwasaidia. Nilianza kwa kutaka kula "vizuri" baada ya mwalimu kutupima uzito mbele ya darasa. Wengine thelathini walipimwa pia. Ni mimi niliyebaki nayo.

Mshauri aliyenisaidia hakuniamini nilipodanganya na hakunidharau kwa kudanganya. Alikuwa akisema, "Hilo ni la ugonjwa, sasa nataka kukusikia wewe." Mwanzoni nilimchukia kwa maneno hayo. Baadaye nikaanza kuzitofautisha sauti mbili.

Kilichoniumiza ni shangazi na majirani: "Umependeza sasa, umerudisha mwili!" Kwa nia njema kabisa. Nilirudi nyuma wiki nzima kwa sentensi moja. Jamani msiusemee mwili wa mtoto aliye kwenye tiba, si kwa sifa wala kwa lawama. Mwulizeni habari ya masomo, ya rafiki zake, ya mpira.

#19 KochaMstaafu
Mpira umetajwa nami nimo. Wakuu mnaongea kana kwamba ni ugonjwa wa wasichana. Nimefundisha wavulana wakimbiaji. Mmoja alianza kwa kutaka kuwa mwepesi, muda wake ukapungua kweli, sote tukampigia makofi. Msimu uliofuata mfupa wa mguu ulipasuka akiwa mazoezini tu, bila kuguswa na mtu. Daktari akasema mifupa ni ya mzee. Hakuna aliyewahi kumuuliza anakula nini kwa sababu alikuwa mvulana na alikuwa anashinda.

#20 DaktariKimya
Kocha umegusa pazuri. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, hadi toleo la 2013 lilipobadilisha, ulitaka mgonjwa wa kike wa anoreksia aliyekwisha kuvunja ungo awe amekosa hedhi. Kipimo chenyewe kilitungwa kwa kuwafikiria wasichana. Ilhali mmoja wa wale wawili wa Morton alikuwa mvulana, kama #3 alivyosema. Kuhusu mifupa, kamati ya kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko mwaka 2014 juu ya wanariadha wanaotumia nishati nyingi kuliko wanayokula, wa kike na wa kiume: homoni zinashuka, mifupa inalika, moyo unachoka.

Toleo hilo la 2013 lilitambua pia watoto wanaokwepa vyakula kwa sababu ya harufu, ugumu wa kumeza au hofu ya kupaliwa, bila kujali unene hata kidogo. Hao ukiwapeleka kwenye mazungumzo ya picha za mwili unawapotezea muda.

#21 TabibuMakini
Nimesoma yote. Nijibu machache.

@MchambuaNafsi, kwa binti wa #9 niko nawe bila shaka. Palipo na unyanyasaji nyumbani, usalama unatangulia, na tiba ya kifamilia, yaani wazazi kusimamia milo kama alivyofanya Mama Pacha, haifanywi pamoja na mtu aliyeumiza mtoto au anayemlinda aliyemuumiza. Hilo linaulizwa mwanzoni kabisa, mtoto akiwa peke yake. Kwa wengine wote bado nasimama pale pale. Miaka ya 1970 Salvador Minuchin, mtaalamu wa tiba ya familia, na wenzake walidai zipo familia za aina fulani zinazozalisha ugonjwa huu. Tafiti za baadaye hazikuipata hiyo familia ya aina moja, na mwaka 2010 chama cha kimataifa cha wataalamu wa matatizo ya ulaji kilitoa tamko kupinga kuzilaumu familia. Na kabla ya tamko hilo, watu wa hospitali ya Maudsley, London, walikwisha kuonyesha mwaka 1987 kwamba vijana walioanza kuugua chini ya miaka 19 na hawajaugua zaidi ya miaka mitatu wanafaidika zaidi familia ikiingizwa kwenye tiba. Na jaribio la 2010 la vijana 121, Chicago na Stanford: mwaka mmoja baada ya tiba, waliopona kabisa kwa tiba ya kifamilia walikuwa asilimia 49, kwa tiba ya kijana peke yake 23.

#22 Msomaji77
Soma na upande wa pili wa takwimu hiyo, mkuu. Siku tiba ilipomalizika tofauti ya waliopona kabisa haikuwa imara kitakwimu, yaani ingeweza kuwa bahati tu; ilijitokeza baadaye. Na 49 maana yake ni kwamba nusu hawakufika kwenye kupona kamili hata kwa njia iliyoshinda.

#23 MchambuaNafsi
Ndiyo nusu wanaokuja kwangu.

#24 TabibuMakini
Sawa kabisa, na hao nakutumia wewe. Simkatalii mtu tiba ya mazungumzo. Nakataa ianze mwili ukiwa unazimika.

#25 Mwanafunzi_Tiba
Habari zenu. Nasomea ushauri nasaha na nataka kuingia upande huu. Nimeambiwa ndiyo kazi inayochosha kuliko zote. @TabibuMakini ni kweli? Unawezaje kukaa nayo?

#26 TabibuMakini
Inachosha kwa namna yake. Wagonjwa wengi wanakuja kwako wakitaka maumivu yaondoke. Hawa wengi hawataki ulichowaletea. Unachotaka kumwondolea ndicho anachokiona kinamlinda. Kwa hiyo utachukiwa na mtoto unayempenda, na utadanganywa na mtoto mkweli. Usiichukulie kama dharau kwako. Mizani itakudanganya pia, ndiyo maana hatutegemei namba moja. Tunatazama mwenendo, damu, mapigo, usingizi, na kama ameanza tena kuwa na marafiki.

Usifanye peke yako. Daktari wa mwili, mtaalamu wa lishe, daktari wa akili akihitajika, na msimamizi wa kukusikiliza wewe. Timu hizi zinagawanyika kirahisi: mtoto anamwambia muuguzi hivi, mshauri vile, na ghafla wakubwa mnagombana ninyi kwa ninyi kama wazazi wa nyumba moja. Ongeeni kila wiki. Kuhusu dawa, usitarajie kidonge cha kukuokoa: fluoksetini inasaidia baadhi ya wenye bulimia, lakini kwa anoreksia yenyewe hakuna kidonge kinachoiondoa.

Na jichunguze. Ukiwa unahesabu chakula chako mwenyewe, ukiwa unazungumza vibaya juu ya mwili wako, watajua. Wana macho makali kuliko wewe. Kama nawe umewahi kuugua, si kizuizi, ila upone kwanza na msimamizi wako ajue.

Jambo la mwisho ni gumu: wapo wanaokufa. Ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi, kwa moyo na kwa kujiua, basi muulize kila mgonjwa kuhusu kujiua, kwa maneno ya wazi. Sitaki uingie ukidhani upendo wako utatosha. Lakini nimeona pia vijana waliokuja wamebebwa wakarudi kunionyesha vyeti vya chuo, na sijui kazi nyingine ambayo ningebadilishana nayo.

#27 NesiZamu
Ongeza: jifunze kukaa kwenye mlo. Ukae naye, ule naye, uzungumze mambo ya kawaida. Wengi wanajua nadharia zote na hawajawahi kukaa mbele ya mtoto anayelia juu ya kijiko.

#28 Mama_Pacha
Hilo la Nesi mliandike kwa wino mwekundu. Na pacha mzima msimsahau. Yule wangu asiyeumwa alikaa kimya miezi yote hiyo, anafaulu, hasumbui, na hakuna aliyemuuliza yeye analalaje.

#29 KochaMstaafu
Nirudi kwa @Nuru_ya_Asubuhi na mizani ya darasani. Bado nasaidia klabu ya vijana, na wanapimwa kila Jumatatu, orodha inabandikwa ukutani. Tuiondoe kabisa?

#30 Nuru_ya_Asubuhi
Iondoe leo, kocha. Usisubiri Jumatatu.

#31 DaktariKimya
Orodha ya ukutani iondoke, hilo halina mjadala. Kupima kabisa ni swali lingine: kwenye michezo yenye madaraja ya uzito, bila kupima hutajua nani anajikausha maji ili apungue uzito. Apimwe faragha, na mtu wa afya, na kocha asione namba.

#32 MchambuaNafsi
Na asipimwe bila kuulizwa anaendeleaje. Namba peke yake itamfundisha kuwa ndicho tunachojali.

#33 KochaMstaafu
Basi kesho naitoa. Nikiulizwa na uongozi nitawaonyesha uzi huu. Daktari, huyo "mtu wa afya" klabu ndogo isiyo na hela inampata wapi?

#34 NesiZamu
Kocha njoo kwenye ujumbe binafsi, tulipange. Wauguzi wastaafu tupo wengi na tunapenda michezo.